Nyani Akitoa Meno

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje na hii baridi ya Kangundo? Na binti yangu Mwende, siku hizi anakunywa uji bila kubembelezwa? Mimi mwili ni mzima. Barua hii nampa yule msichana wa Tala anayefanya kazi nyumba ya jirani, ambaye kandarasi yake imeisha na anarudi nyumbani. Simu napewa Ijumaa tu, na Madam husimama hapo hapo akinisikiliza. "Wewe Mueni andika haraka," ananiambia huyo msichana, "mimi nikitoka huku sirudi tena."

Kandarasi yangu pia imeisha, Mwaitu. Lakini paspoti imefungiwa kabatini na ufunguo uko kwenye mkoba wa Madam. Kila nikiuliza naambiwa ngoja. Nimechoka kungoja. Madirisha ya nyumba hii hayafunguki, hewa yenyewe inatoka kwa mashine, na mlango wa nje sina ruhusa ya kuugusa.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Juzi dereva alitupeleka bustani ya wanyama, mimi na watoto wa Madam, wakawaone nyani na sokwe. Yaani mimi niliyekua nikifukuza nyani kwenye mahindi, nimevuka bahari nikawatazame tena! Huda, yule mdogo, alijificha nyuma ya sketi yangu. Kaka yake naye akawa anagonga kioo na kuwatolea macho. Nikawakalisha chini, nikawafunza ulivyonifunza. Nyani usimkazie macho, atadhani unataka vita. Usimkimbie. Nikawasimulia ulivyokuwa ukivaa koti na kofia ya marehemu baba kwenda shambani, kwa sababu nyani wa kwetu hawamwogopi mwanamke hata akiwarushia mawe. Walicheka mpaka Huda akatoka mafichoni.

Kwa sokwe, tulikuta dume kubwa limembana mdogo mmoja kwenye kona. Yule mdogo akavuta midomo nyuma, meno yote nje. Huda akapiga makofi. "Tazama, anacheka!"

Nikamwambia, "Huyo hacheki, anaogopa. Akitoa meno hivyo ujue amekosa pa kupita. Mama yangu husema umwachie njia."

Akaacha kupiga makofi. Alimtazama yule sokwe mpaka tukamvuta mkono kuondoka.

Tuliporudi walimweleza mama yao kila kitu, hata habari ya koti lako. Kumbe nilikuwa najifunga mwenyewe. Jana Madam alinikuta nikiwalisha, akasema, "Mueni, watoto wamekuzoea, na wanajifunza mengi kwako. Nimeamua utaongeza miaka miwili. Umefurahi, sivyo?"

Mwaitu, nilimwona Mwende akilini akipelekwa shule na mtu mwingine, halafu nikauona ule mkoba begani kwa Madam. Nilitaka kusema hapana na mdomo ukakataa. Nikatabasamu tu. Madam akachukua hiyo kuwa ndiyo, akageuka aende zake.

Huda akaweka kijiko chini.

"Mama, huyo hacheki," akasema. "Anaogopa. Mwachie njia."

Madam alisimama pale mlangoni, akaniangalia usoni. Tangu nije hapa sijui kama amewahi kuniangalia hivyo. Kisha akapanda juu. Mpaka naandika hii hajasema kitu.

Kwa hivyo mtu akikuambia nimekubali kubaki, usiamini. Mwende usimwambie nakuja, na usimwambie siji. Mpe tu busu langu kwenye paji la uso. Nisalimie susu, bibi yangu, umwambie natafuna chakula polepole kama alivyoniagiza. Msalimie na mjomba wa kwaya, na yule mama jirani anayetuuzia maziwa; ng'ombe wake azae salama.

Na lile koti la baba, Mwaitu, usimpe mtu. Litundike hapo nyuma ya mlango. Nikifika nitalivaa mimi niende shambani, wewe ukae upumzishe goti.

Ni mimi binti yako,
Mueni