Karatasi Niliyomsomea Spéciose

Niboye, Kigali
12 Novemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Scovia,

Nyumba ulimozaliwa, ambayo nimeketi ndani yake nikikuandikia, si yangu. Ni ya bibi yako Spéciose, mjane wa mdogo wangu Gatera, na nimekuficha hilo maisha yako yote. Nimelitanguliza kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama katika barua zangu zote.

Sasa nikuulize, hujambo mwanangu? Kile kikohozi kimekuacha? Huko Bukoba mvua zimeshika? Mimi moyo umechoka. Miguu imevimba, nalala nimeketi, na daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Usilie. Nina miaka themanini na miwili.

Nimekukumbuka mno. Jioni pikipiki ikisimama langoni, bado nageuza kichwa. Shangazi yako Winifred alitaka kuweka magunia ya viazi chumbani kwako, nikakataa. Akanicheka: "Mzee, huyo atarudi na mume! Watalala wote wawili kwenye hicho kitanda cha mtoto?" Kitanda kipo pale pale.

Nimefurahi kwamba tarehe thelathini unamaliza mwaka wako wa mafunzo katika ofisi ya haki ya kanisa. Na unamalizia katika mji nilikosomea nikiwa mkimbizi! Ulipoondoka nilisimama mbele ya jumuiya nikasema mtoto wetu anakwenda kutetea wajane. Walinipigia makofi. Mama Uwamahoro akauliza, "Huruma hiyo ameitoa wapi?" Nikajibu, "Hapa hapa nyumbani."

Barua yako ya mwisho imekaa wiki sita bila jibu. Uliniandikia habari za yule mama ambaye shemeji zake walileta mbele ya baraza karatasi inayosema ameliacha shamba kwa hiari yake. Ukaandika: "Babu, karibu kila faili lina karatasi kama hiyo, na mwandiko wake ni mzuri kabisa. Ni watu gani huandika vitu hivi?" Uliniuliza kwa kuwa nilikuwa mwalimu.

Uliambiwa Spéciose alirudi kwao baada ya msiba. Kwao hapakuwa na mtu. Yuko hapa hapa Kigali, mtaa wa Rwezamenyo, amepanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, anashona vifungo na kukunja pindo. Mwaka jana nilikutana naye barabarani. "Shemeji, umezeeka vibaya," akaniambia, akicheka. "Pole, na mimi pia." Kisha akauliza, "Mpera wangu bado unazaa?" Ndio ule mpera uliokuangusha ukiwa na miaka saba. Nikasema unazaa. Nikapanda gari, nikaondoka bila hata kumuuliza amekula nini.

Sasa nakuomba jambo moja, na kuliandika kumenichukua asubuhi nzima, kwa jinsi ninavyotamani kukuona. Ukifika Kigali usije kwangu kwanza. Nenda Rwezamenyo, uliza fundi Shami, atakuonyesha mlango. Umfanyie Spéciose kile ulichowafanyia wajane wa Bukoba. Mshtakiwa ni mimi. Ufanye mapema, nikiwa bado naweza kusema "ndiyo" mbele ya watu wa sekta, serikali yetu ya hapa mtaani. Karatasi yenyewe iko ndani ya Biblia yangu. Winifred ameshajua. Alininunia siku mbili, ya tatu akaniletea uji na kusema tutahamia kwa mwanawe, huko mtaa wa Kagarama.

Ukimaliza huko Rwezamenyo, na bado ukiwa na moyo wa kuniona, nipo. Usipokuwa nao, nitaelewa, ila nitaendelea kugeuza kichwa.

Winifred, Cyusa na Mukunde wanakusalimu. Nisalimie yule mama aliyekupa chumba, na wenzako wa ofisini. Mungu aliyekulinda mwaka mzima akushike mkono njiani, hadi mlango unaostahili.

Swali lako sijalijibu bado. Siku ya kuondoa msiba wa Gatera ukoo ulikaa hapa sebuleni. Hawakuwa na mtoto, yeye na Spéciose, na wazee walisema nyumba haiwezi kubaki kwa mwanamke peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, nikapewa kalamu. Spéciose hakujua kusoma. Alisimama mbele yetu sote akasema, "Siondoki kwa mume wangu." Akanigeukia: "Shemeji, andika hivyo." Nikaandika kwamba anaondoka kwa hiari yake. Akaniomba nimsomee kabla hajatia kidole gumba.

Nikamsomea kwamba atabaki.

Babu yako anayekupenda na kukungoja,
Bayingana