Maoni ya mume wangu ukumbini

Shoga, nimechoka, hata kupiga simu siwezi.

Tumetoka sinema sasa hivi na mume wangu. Ile filamu ya jumba la kale lenye mizimu.

Ilipoisha wakapitisha kipaza sauti, watu watoe maoni. Dada mmoja kasema miguu imemfa ganzi kwa woga. Mwingine kasema mzimu wenyewe kichekesho.

Mume wangu naye akakidaka kipaza sauti. Yeye! Asiyenisemesha nyumbani!

"Mimi sikuogopa. Kwetu ndivyo tunavyoishi. Kila mtu na chumba chake, unasikia nyayo tu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Unasikia nyayo tu, shoga!

Garini nikamuuliza, "Ulikuwa unatania?"

"Hapana. Nimechoka."

Nikamwambia, "Hata mimi."

Hajawasha gari mpaka sasa. Tumekaa tu, hakuna anayetaka kurudi nyumbani.