Nusu ya Linki

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua pepe hii inawakuta salama, wewe na mama, na kwamba lile goti lake limetulia. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaonisumbua.

Kazini bado nipo kwenye meza ileile karibu na dirisha lisilofungika. Kutwa napitia kurasa za kampuni nikitafuta linki zilizokufa. Nyingi zimenakiliwa vibaya kutoka kwenye barua pepe: mtu kaacha herufi za mwisho, au kabeba na nukta ya sentensi, basi ukurasa haufunguki. Huwa nawacheka sana wenzangu. Juzi nimemwambia mhasibu kwamba hata kuku angedonoa herufi vizuri kuliko yeye. Bado ananinunia.

Sasa nisikilize, na tafadhali usinikatishe, maana nakujua.

Ni kuhusu Jumapili ile ya kaka. Miaka yote hiyo mama alikuwa hasemezani naye tangu alipoondoka bila kuaga, na ni wewe uliyembembeleza hadi akakubali kumwona kwa video. Kaka akaniandikia linki, nami nikakutumia kwa simu. Uliniambia mama alivaa miwani mpya, akakataa hata chai ili asikutwe anatafuna. Mkabonyeza, mkaambiwa ukurasa haupo. Uliponipigia, nikasema kwa kujiamini kwamba kaka hajafungua upande wake. Mama akavua miwani, akasema alijua tu, mtoto yule hajabadilika.

Dada, kaka alikuwepo. Ulipokata simu nikaifungua tena barua pepe yake. Linki ilikuwa ndefu, imekatika mistari miwili, na mimi nilikuwa nimenakili mstari wa kwanza tu. Nilijua papo hapo. Ningekupigia, wangeonana jioni ileile. Lakini niliogopa kuwa kichekesho cha ukoo, mimi mnayeniita Fundi, nikanyamaza. Kaka alipouliza, nikamwambia labda mama hakuwa tayari. Nimewasingizia wote wawili, na naona haya hadi kujitazama kwenye kioo.

Jana nimemweleza kaka kila kitu. Hakunifokea, heri angefoka. Alisema alikaa saa nzima mbele ya kompyuta akijitazama mwenyewe, amevaa lile shati aliloshonewa na mama, ambalo siku hizi linambana.

Jumapili hii atalivaa tena. Linki mpya iko hapo chini, fupi, mstari mmoja, na nimeijaribu kwenye simu mbili. Usiinakili, ibonyeze tu. Ila kabla hujabonyeza, msomee mama barua hii yote, na usiruke pale panaponihusu.

Nisalimie watoto. Mwambie mama simwombi anisamehe leo. Amtazame kwanza mwanawe aliyemngoja.

Ndimi mdogo wako,
Fundi wa jina tu