Nani Atabeba Mfuko wa Mzee Symphorien Jumapili

UMOJA WA WACHEZAJI NA MAKEDI WA ZAMANI WA GOLFU, LUBUMBASHI

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Ijumaa, tarehe 5 Septemba 2025, saa tisa alasiri, nyumbani kwa Mwenyekiti, Ruashi.

Waliohudhuria: Adalbert Kyungu (Mwenyekiti), Donat Ilunga (Mweka Hazina), Précieux Mwamba (Msimamizi wa Sherehe), Estelle Kabange (Katibu).
Mwalikwa: Mama Hortense, mke wa Mzee Symphorien Kasongo.
Asiyehudhuria: Mimi Ngoie, Makamu Mwenyekiti. Yuko kwenye kilio Kipushi.

KUMB. NA. 1/09/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kwa sala fupi kuliko kawaida yake, jambo lililotutia wasiwasi wote. Alikumbusha kwamba keshokutwa Mzee Symphorien anaagwa rasmi kwa kupiga mpira wa kwanza wa mashindano. Wageni wa Kipushi na wa ng'ambo ya mpaka wameshaalikwa, bango limeshatundikwa, na yeye Mwenyekiti hajapata usingizi wa maana wiki nzima. Alisema kikao kina swali moja tu: Mzee ataweza, au tutaaibika naye?

KUMB. NA. 2/09/2025: HALI YA MZEE
Mama Hortense alieleza kwamba mikono ya mume wake haina shida. Kinachomtoroka ni kumbukumbu. Anasahau kama amekula, lakini hasahau kuuliza habari za Clovis, kedi aliyembebea mfuko wa fimbo enzi za ujana wao, na ambaye ni marehemu.

"Kila asubui anauliza, Clovis iko wapi," alisema. "Mara ya kwanza nilimuambia kama alikufa. Alilia sawa vile ni leo. Kesho yake akauliza tena. Sasa namuambiaka tu, iko njiani."

Aliongeza kwamba daktari hawezi kumwahidi kitu kuhusu mwaka ujao. Anataka mume wake apige mpira huo angali anajua ni mpira. Bila Clovis pembeni, hatapiga; atasimama uwanjani kumngoja, mbele ya watu wote.

KUMB. NA. 3/09/2025: MAISHA YA MZEE YATAKAYOSOMWA
Ndugu Précieux alisoma maandishi yake: kwamba Mzee alianza kwa kuwabebea mifuko wakubwa wa migodi, akajifundisha kupiga kwa fimbo iliyovunjika, akawa mchezaji wa kulipwa, akacheza Ndola, Kitwe, Harare na Johannesburg, akarudi na mgongo mbovu na kufundisha watoto wa wengine. Wajumbe walisifu.

Ilipofika sentensi isemayo "alivuka mpaka wa Kasumbalesa pamoja na kedi wake mwaminifu," Mweka Hazina alisimama. Alieleza kwamba marehemu Clovis, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja, hakuvuka kuingia Zambia. Hakuwa na karatasi. Mzee alimwambia amsubiri hadi kesho yake, akavuka peke yake, na hakurudi kwa miaka mingi. Clovis alibaki Kasumbalesa akipakua malori, na huko ndiko alikofia.

Ndugu Précieux aliulizwa habari ile aliitoa wapi. Alijibu kwamba hakuitoa popote. Aliona inapendeza masikioni. Sentensi ilifutwa.

KUMB. NA. 4/09/2025: ATAKAYEBEBA MFUKO
Mwenyekiti alianza kwa kuzunguka mbuyu. Aligusia hali ya hewa, akagusia udugu, halafu akasema Donat na Clovis wanafanana sana, hasa wakivaa kofia. Mweka Hazina alimwomba amalize. Mwenyekiti alimaliza: Donat avae kofia ya Clovis, aitike jina la Clovis, kwa asubuhi moja.

"Yaya Clovis, mukubwa wangu, alimungojea Mzee ku frontière ya Kasumbalesa mpaka akazeekea pale," alisema Mweka Hazina. "Sasa munataka miye niitike jina yake, nimuambie Mzee hakuna shida? Ile msamaha haiko yangu. Nitaitoa wapi?"

Mama Hortense alilia. Mwenyekiti alifungua na kufunga kalamu yake mpaka kifuniko kikapotea chini ya kabati. Katibu anaandika haya ingawa aliambiwa asiyaandike.

Katibu alikumbusha desturi ya makedi wa hapa kwetu: siku ya mchezo kedi hafungui kinywa kwa mchezaji wake, hata kwa salamu, mpaka mpira wa kwanza upigwe. Kwa hiyo anayebeba mfuko si lazima aseme yeye ni nani. Mweka Hazina alisema atafikiri. Aliulizwa atafikiri mpaka lini, kwa kuwa Jumapili haisogei.

KUMB. NA. 5/09/2025: KUINGIA KWA MZEE SYMPHORIEN
Mzee, aliyekuwa ameachwa nje kwenye teksi pamoja na dereva, aliingia bila kualikwa, amevaa viatu vya kuchezea, akiburuta mfuko wake. Alimtambua Mwenyekiti mara moja, akamuuliza tumbo lile amelipata wapi. Tulicheka, tukapumua kidogo.

Kisha alimwona Mweka Hazina. Alimtazama muda mrefu, akavua kofia.

"Clovis," alisema. "Nilikuambia nitarudi kesho. Nilikawia."

Katibu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika kikao chochote, maana Donat angesema neno moja la kweli, yule mzee angemzika Clovis upya hapo sebuleni. Donat hakusema neno. Aliinama, akaunyanyua mfuko, akautia begani, akatoka nao uani. Mzee akamfuata.

Mwenyekiti alieleza kwamba desturi ya kunyamaza ni ya siku ya mchezo, si ya siku ya kikao. Hakuna aliyemuunga mkono.

KUMB. NA. 6/09/2025: MENGINEYO
Mweka Hazina alirudi peke yake na kuthibitisha kwamba atabeba mfuko Jumapili. Katibu alimuuliza: mpira wa kwanza ukishapigwa, na ruhusa ya kusema ikapatikana, atamwambia nini Mzee? Alisema hajui. Sisi pia hatujui, na kikao hakikuweza kuazimia lolote juu ya hilo.

Aliomba jambo moja. Kwenye programu ya Jumapili, penye jina la kedi, lisiandikwe Donat. Mwenyekiti aliuliza liandikwe lipi basi.

"Muandike ule mwenye alingojea," alisema.

Katibu aliandika.

KUMB. NA. 7/09/2025: KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa kumi na moja na nusu jioni bila sala, kwa kuwa Mwenyekiti alishindwa kuimaliza. Mzee alikuwa bado uani, amesimama karibu na mfuko.

Adalbert Kyungu, Mwenyekiti: ......................

Estelle Kabange, Katibu: ......................