Redio Isiyobebeka

Igowole, Jumamosi, Juni 1975

Ile ndogo ilikuwa na mkanda wa kubebea begani. Ndiyo niliyoitaka, niende nayo darasani, watoto wasikilize vipindi vya shule. Pale dukani Iringa mume wangu aliitazama akacheka. "Mama Tumaini, hii ni ya wachunga ng'ombe." Akachagua redio ya mbao, kubwa kama kabati, eti mpira usikike mpaka nje.

Na mshahara ni wangu!

Jioni hii wenzake wamejaa sebuleni. Napeleka chai, ananiambia, "Inama kidogo, unatuzibia sauti."

Nikainama.

Jumatatu watoto wataniuliza, "Mwalimu, redio imekuja?" Nitawaambia imekuja. Sitawaambia kwamba mwalimu wao anaiinamia.