Watoto wa Kurui

Maili Moja, Kibaha
Agosti 18, 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, mwambie wajukuu zake hawaachi kumtaja. Natumaini lile jicho ulilofanyiwa upasuaji linaendelea vizuri, na kwamba umeacha kwenda shambani kwenye jua la mchana kama daktari alivyokukataza. Huku sisi ni wazima, namshukuru Mungu. Kazi za wodini ni zilezile.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatizana. Juzi uliponipigia ulikuwa umeshakasirika kabla sijasema neno, nami nikakasirika, tukaachana bila kuagana. Jirani yangu Recho anakuja Kyela kumwona mama yake, nimempa barua hii akukabidhi mkononi. Naomba uisome hadi mwisho ndipo uhukumu.

Mchungaji Brighton amekwambia kwamba nimeasi, kwamba nimeingiza Waislamu kanisani kuvuruga ibada, na kwamba nisipoomba radhi mbele ya waumini, laana itaingia nyumbani kwetu. Nawe ukaniagiza nikaombe radhi. Baba, sitaomba. Nakueleza sababu.

Unalikumbuka lile bango kubwa nyuma ya madhabahu, lenye picha ya binti mdogo ameshika kikombe. Mwaka jana ulipokuja kutibiwa jicho ulisali nasi Jumapili kadhaa, ukaliangalia bango lile, ukalia. Mchungaji akakueleza kwamba huyo ni mmoja wa yatima wanaolelewa na kanisa huko Kurui, Kisarawe, na kwamba zaka na malimbuko yetu ndiyo yanayowalisha. Hapo ndipo ulipoahidi kuwa kila mavuno utaleta mchele. Sikukulaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoa zaka kwa ajili ya watoto hao kwa miaka, hata miezi ile ambayo nyumbani tulikula ugali na mchicha siku zote.

Mwezi wa sita nilipata likizo. Nikamwomba Mchungaji aniruhusu niende Kurui nikawapime watoto afya, bure, kwa mikono yangu. Akasema watoto wamechoka na wageni. Nikaomba tena, akasema barabara imeharibika. Nilipoomba mara nyingine, akaniuliza kama mimi ni muumini au mkaguzi. Swali hilo ndilo lililonipeleka Kurui.

Sikumuaga mtu. Nilipitia Kisarawe mjini, nikachukua bodaboda hadi Kurui, nikaelekezwa penye kibao cha kanisa. Ndani ya uzio nilikuta shamba la mananasi, zuri kwa kweli, na nyumba kubwa ambayo ilikuwa imeezekwa tayari bado madirisha. Mlinzi wa pale, Kibwana, alinikaribisha kwa heshima zote. Nilipomuuliza watoto wako wapi, akauliza, "Watoto gani, mama?" Nikamwonyesha picha ya lile bango kwenye simu yangu. Akacheka, akasema huyo ni Yasmin wa Mwamvita, akaninyooshea kidole nyumba yao ng'ambo ya mikorosho.

Baba, nilimkuta huyo yatima anachambua mboga pembeni ya mama yake. Baba yake, Isihaka, alikuwa kwenye shamba la mihogo, akaja akanisalimia. Wakanieleza kwamba siku moja walikuja wageni na gari, wakagawa biskuti na fulana, wakawapanga watoto wa kijiji na kuwapiga picha. Waliambiwa ni wageni wa maendeleo. Nilipomweleza Mwamvita kwamba huku Kibaha mwanawe anaombewa kila Jumapili kwa kuwa hana wazazi, alimvuta Yasmin karibu yake. Kisha akasema, "Kumbe wameshaniua, na hata kunizika hawajanizika."

Niliporudi nilimfuata Mchungaji ofisini, peke yangu, kwa adabu, kama ulivyonilea. Hakukana. Alisema mtu wa imani hulitangaza jambo kabla halijatokea, na kwamba nyumba ikiisha watoto watatafutwa. Nikamuuliza kwa nini nyumba yenyewe ina sebule mbili na gereji. Ndipo akaniambia maneno yaleyale uliyoniambia wewe kwenye simu: kwamba zaka ni ya Mungu, mtoaji akishatoa mkono wake ni safi, na mpokeaji ndiye atakayejibu.

Nimeyafikiria sana maneno hayo kwa sababu ni yako, na wewe si mtu wa kusema ovyo. Lakini mimi ni muuguzi, baba. Nikijua dawa imeharibika nikamchoma mgonjwa, siwezi kujitetea kwamba daktari ndiye aliyeandika. Kabla sijajua, mkono wangu ulikuwa safi, na wako pia. Zile sadaka zote Mungu alizipokea, sina wasiwasi nazo. Ila tangu siku ile nilipokaa kwenye mkeka wa Mwamvita, najua. Nikiendelea kutoa pale nitakuwa namsaidia mwongo kusema uongo wake, kisha nauita uongo huo ibada.

Kuhusu Waislamu walioingizwa kanisani, sikuwaingiza mimi. Mwamvita alinipigia mwenyewe akasema anataka kuja kuiona picha ya mwanawe. Isihaka akamruhusu. Jumapili ile walikaa benchi la nyuma, yeye na Yasmin, wametulia kuliko hata wanakwaya wetu. Ulipofika wakati wa malimbuko, Mchungaji akaelekeza mkono kwenye bango na kuanza kuwaombea yatima kwa machozi, kama kawaida yake. Nikasimama nikaomba nafasi ya ushuhuda. Nikasema nimefika Kurui na sikukuta yatima, na mama wa mtoto huyu yumo humu ndani.

Mpiga kinanda akaanza kupiga ili nisisikike. Lakini Mwamvita alikwisha kuinuka. Alitembea katikati ya viti amemshika Yasmin mkono, akasimama chini ya bango, kinanda kikanyamaza chenyewe. Alisema, "Mimi ndiye niliyemzaa huyu. Baba yake yupo. Sikuja kugombana na dini ya mtu. Nataka picha ya mwanangu ishuke." Basi. Hakuongeza neno.

Mchungaji alisema ni shetani anapambana na maono. Wapo walioitikia amina. Ila Mama Stellamaris, yule mtunza hazina wa akina mama aliyekuletea uji hospitalini, alipanda juu ya kiti, akafungua kamba moja moja, akalikunja bango na kumkabidhi Mwamvita. Sijawahi kuona ushirika mtakatifu uliokuwa mtakatifu kama ule.

Sasa nimetengwa. Nimeondolewa kwenye kwaya na meza ya Bwana, na wanawake niliowazalisha wananipita sokoni kama hawanijui. Inauma, siwezi kukudanganya. Lakini sijutii.

Limebaki jambo moja, nalo Mchungaji hakukwambia kwa sababu angelazimika kukueleza mengine. Magunia yako ya mwaka huu yaliposhushwa kwenye basi hapa Maili Moja, dereva wa Mchungaji alikuwa ameshafika kuyachukua. Nilimkatalia. Nikakodi gari nikayapeleka Kurui, kwenye shule anayosoma Yasmin, ambako watoto wengi walikuwa wanashinda njaa hadi jioni. Mchele wameupika na maharage. Mwalimu mkuu nilimwambia ni limbuko la Mzee Asajile wa Kyela, wala sikutaja kanisa lolote. Sikukuomba ruhusa kwa kuwa nilijua ungeninyima. Ulitaka mchele wako ulishe watoto wa Kurui, na umewalisha. Kama unaona nimeiba, basi nimekuibia wewe, si Mungu, nami nitakuja Kyela nisimame mbele yako unihukumu kama baba. Mbele ya Brighton sitasimama.

Zaka yangu nitaendelea kuitoa, nitaipeleka palipo na njaa ninayoiona kwa macho. Na kanisa sihami. Pale nilibatizia watoto wangu, na matofali yale tuliyabeba kichwani akina mama, Brighton akiwa hajahamia hata Kibaha. Jumapili ijayo nitaingia, nitakaa benchi la mbele. Wakitaka nitoke, waje wanibebe.

Msalimie mama, kaka zangu na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akutunze wewe na jicho lako.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda na nisiyeogopa,

Atupele