Sista Kabla ya Kusoma

Burat, Isiolo
Jumatano

Kwako Anti Kinya,

Habari za huko Maua? Huku tuko, vumbi tu na mbuzi wa jirani wanaomaliza sukuma wiki yetu. Nimeanza barua hii nikiwa nimekaa, saa hii naandika nimesimama.

Kuchagua kozi za chuo kunafungwa Ijumaa. Jumatatu nilijaza uhandisi wa maji. Jana nikarudi kwenye kompyuta za saiba nikaweka ualimu, leo nikaufuta. Lochoro mwenye saiba ameniambia nihamie huko na godoro.

Baba hajui, na simu ni yake, ndiyo maana nimeandika. Yeye alishanisimamisha kanisani akatangaza nitakuwa nesi kama wewe, watu wakapiga makofi. Sasa wananiita sista. Mama Gitobu hata alininyooshea mkono nimpime presha. Niliushika tu, nikamwambia iko sawa.

Uuguzi naupenda, Anti. Lakini kila nikitaka kuubonyeza, naona ile wodi, na wewe ukimfunika mama shuka usoni.

Usiniambie nichague nini. Tulipomaliza kumzika, ulivaa yunifomu ukarudi wodi ile ile. Uliwezaje?

Mtoto wa dada yako,
Kagwiria